Shangazi wa Chumba cha Seva Anakabidhi Kadi ya Mlango

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuitumikia hospitali yetu, Shangazi wa Chumba cha Seva anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye mkataba tunalijua, ila ukimwita kwa hilo hageuki.

Alianza kama mpiga chapa wa masjala. Kompyuta zilipoletwa, akazizoea wakati sisi wengine bado tunatafuta pa kuziwashia. Tangu hapo hifadhidata ya wagonjwa imekuwa mikononi mwake: nani amelazwa, ana damu ya kundi gani, dawa zipi zinamdhuru. Ni yeye aliyeipachikia viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoifundisha hifadhidata mambo isiyoyajua. Mapokezi wanakipenda kile kinachompata mgonjwa hata jina lake likiandikwa ovyo. Daktari mkuu anakipenda zaidi, maana mwandiko wake tunaujua sote.

Kila mwezi, mchana kweupe, Shangazi alituwekea kompyuta tupu mezani na kutuamuru turejeshe humo hifadhidata nzima kutoka kwenye nakala rudufu. Tulinung'unika, tena sana. Nakala tunazo, shida iko wapi? Yeye husema nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni uvumi tu. Tena nakala hubeba jina la kiendelezi, kiendelezi chenyewe haikibebi. Ni kama kuhama nyumba ukabeba ufunguo wa kabati, kabati ukaliacha. Yaliwahi kumkuta enzi za ujana wake: alihamishia data kwenye seva mpya, viendelezi akavisahau, kompyuta ikashindwa kumpata yeyote, na wagonjwa wakashinda ukumbini wakiitwa majina mmoja mmoja. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, kwa vitendo, sauti ya muuguzi aliyekasirika ikiwemo.

Safari hii mzaha ulipungua. Shangazi anakwenda kumtunza mama yake mzazi, ambaye sasa hawezi kubaki peke yake, na huko simu hushika kwa kubahatisha. Mumewe naye ametuambia bila kupepesa macho kwamba hakuna likizo yao ambayo hatukuikatiza. Basi Shangazi akatoa sharti: hakabidhi kadi ya mlango mpaka turejeshe kila kitu yeye amekaa na chai yake, mikono mbali na kibodi.

Wiki iliyopita tukajaribu. Data zikaingia vizuri, mara, kwisha habari yetu! Kiendelezi kimoja hakipo. Tukapekua hazina yetu ya faili, wapi! Shangazi alipoona kinachokosekana, akashika kichwa. Ni kile alichokiandika mwenyewe, cha kukagua vipimo vya dawa za watoto, na faili zake zilikuwa kwenye kompyuta yake tu, ile ambayo ingefutwa siku anayoondoka. Miezi yote iliyopita yeye ndiye aliyekipachika kutoka humo, kwa mazoea, bila hata sisi kujua. Kweli mganga hajigangi! Tukazitoa, tukazihifadhi pamoja na nyingine, tukaanza upya. Kila kitu kikarudi, naye hakugusa hata kitufe kimoja.

Tulitegemea atutanie. Badala yake alitukabidhi kadi ya mlango, akalia, akasema sasa ataenda kwa mama bila roho juu. Nasi tukalia, tusidanganyane.

Shangazi, asante kwa ukali, kwa vicheko, na kwa wagonjwa wasiojua kwamba uliwalinda. Uwe na afya na usingizi usiokatizwa. Simu ya kazi hutaiona tena kutoka kwetu. Tutakupigia Jumapili, kumjulia hali mama.