Simiyu Nakhungu, Kuli Aliyembeba Bingwa Kama Gunia

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 1998, Bwana Simiyu Nakhungu anaondoka katika ghala letu la bandarini Kisumu baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Aliingia akiwa kibarua wa siku, anatoka akiwa nyapara mkuu. Katikati ya hapo alikuwa bingwa wa mieleka ya kulipwa, akapanda ndege mpaka Brazili, akarudi, akavua suti, akabeba gunia. Mtu aniletee ghala lingine lenye historia kama hiyo. Mimi Jinja nimefika, Mwanza nimefika, Musoma nimelala. Sijaliona.

Wazazi wake walitoka upande wa Kimilili wakaja kukata miwa Muhoroni, na yeye akashika panga kabla ya kushika kalamu. Kalamu yenyewe hakukaa nayo sana, kama wengine wetu tunaofahamiana. Siku moja ya mvua, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, panga liliteleza likaondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mwenye kazi akamwambia aende apumzike kidogo. Alipomaliza kupumzika, kazi haikuwepo.

Hapo ndipo alipoijua shida kwa jina lake la ubatizo. Alisukuma mikokoteni, alichimba mashimo ya vyoo, alikula mara moja kwa siku na mara nyingine alisikia tu harufu ya jirani. Alipanga chumba hapa Kisumu, mtaa wa Manyatta, ambacho mvua ilinyesha ndani kwanza, halafu ndiyo ikatoka nje. Hata hivyo alimpata mke katika chumba hicho hicho, Mama Nasipwondi, muuza viazi vitamu wa soko la Kibuye, na hilo peke yake linaonyesha kwamba mtu huyu alikuwa bingwa kabla ya ubingwa.

Mwaka 1974 alisimama kwenye lango letu. Nyapara wa wakati huo, Mzee Oketch, alimwangalia mkono, akacheka.

"Omera, hapa tunataka mtu ya vidole kumi. Hizo zingine umeacha wapi?"

"Nimeacha Muhoroni, Mzee. Lakini mkono nimekuja nayo."

Akapitisha kiwiko chini ya gunia la mahindi, akakunja kifundo cha mkono kama ile kulabu ya chuma tunayovutia mizigo, na gunia likapanda. Mzee Oketch akaacha kucheka. "Basi ingia, Kulabu," akasema, na tangu siku hiyo jina la Simiyu lilibaki kwa karani wa mishahara tu.

Sasa, kwa ajili ya ndugu zetu wa ofisini ambao hawajawahi kukaa chini ya gunia, naomba nieleze jambo moja, maana bila hilo hadithi yote inaanguka. Kuli habebi peke yake. Wenzake wawili wanalinyanyua gunia na kumwekea mgongoni, na yeye nyuma haoni. Likishakaa vizuri, anapiga kwa kiganja mara mbili, pap pap, juu ya chochote kilicho karibu: gunia, paja, hata mtu. Maana yake ni: limekaa, achieni. Wakiachia kabla, mgongo umekwenda. Kulabu alipiga hiyo pap pap kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka, mpaka Mama Nasipwondi akalalamika kwamba anapigwapigwa hata usingizini kama gunia la mtama.

Mwaka 1979 alikuja Badru, mtoto wa Kaloleni hapa hapa, aliyekuwa mpishi wa meli. Meli yake iliwahi kuharibika injini huko Santos, Brazili, ikakaa miezi mingi, na Badru, kwa kukosa la kufanya, akajifunza jujitsu ya huko. Wenzetu wakitoka ng'ambo huleta redio. Badru alileta kabali. Alikuja ghalani kununua magunia matupu, akamwona Kulabu akipandisha mzigo.

"Bwana, nani alikufundisha kukaba hivyo?"

"Kukaba nini? Hii ni mahindi."

"Basi siku moja tuyape mahindi nafasi ya kupumzika."

Wakaanza mazoezi jioni nyuma ya ghala, juu ya magunia tuliyoyashindilia pamba chafu. Koti la mazoezi lilishonwa kwa turubai la lori. Jujitsu ya Wabrazili haina ngumi. Ni kushikana, kuviringishana chini, kukaba shingo au kukunja mkono mpaka mwenzako asalimu amri. Na anasalimu vipi? Anapiga kwa kiganja mara mbili, pap pap. Nimeshindwa, achia.

Naona msomaji mwerevu ameshashika kichwa.

Aprili 1983 Kulabu alipelekwa Nairobi kupambana na Tom, bingwa wa mieleka ya wazi, ile inayopokea kila mtindo, jamaa mwenye shingo nene kama nguzo ya stima. Mshindi angepewa mkataba wa kupigana kwa kulipwa. Tulikwenda lori zima, tukiimba tangu Ahero. Na Kulabu alikuwa anashinda! Alimzungusha Tom, akaingia chini yake, akampandisha mgongoni mzimamzima, miguu ya bingwa ikining'inia hewani. Bado kumwangusha tu. Hapo, kabla ya kumwangusha, Kulabu akampiga Tom pajani kwa kiganja. Pap pap.

Mwamuzi akapuliza filimbi na kuinua mkono wa Tom, aliyekuwa bado juu mgongoni kama mtoto wa kliniki. Tom mwenyewe hakuamini.

Kurudi Kisumu hakukuwa na wimbo. Mji wote ulikuwa na neno moja: ameuza. Mtu aliyemshika bingwa namna ile, asalimu yeye? Amekula kitu. Kibuye walimfuata Mama Nasipwondi mpaka kwenye viazi vyake: "Mama, leo unauza viazi ama unauza mechi?" Alijibu wawili watatu vizuri sana, majibu ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha, lakini siku moja alifunga kibanda mapema, na yule si mama wa kufunga kibanda. Kulabu hakujitetea. Hata yeye hakujua kilichompata. Alisema tu kwamba mkono ulikwenda.

Siku ya kwanza kazini, hakuna aliyemsemesha. Wawili wakamwekea gunia mgongoni. Likakaa. Kulabu akapiga kiganja, pap pap, akaondoka nalo. Mzee Oketch alikuwa anakunywa chai, akasimama na kikombe mkononi.

"Yawa! Yawa!" akapiga kelele. "Huyu hakuuza mechi! Huyu alipakia!"

Ghala lilisimama. Tulicheka mpaka kuli mwenzetu Idd akakaa chini, halafu tukaona Kulabu hacheki, amesimama na gunia lake mgongoni, machozi yanamtoka.

Lakini sisi kujua hakukutosha, mji haukuwa tayari kuamini maneno ya makuli. Mwenye kuandaa mapambano alikubali marudiano Disemba, hapa Kisumu, kwa mkataba ule ule, na akatoa onyo: kiganja kikipiga tena, Kulabu asirudi ulingoni maisha yake yote. Badru akasema tatizo si mieleka. "Mimi namfundisha saa moja tu kila jioni. Nyinyi mnamfundisha mchana kutwa. Huo mkono utamsikiliza nani?"

Basi hapo ghala hili lilifanya jambo ambalo mimi, pamoja na safari zangu zote, sijasikia limefanywa kwingine. Mzee Oketch alitukusanya akapiga marufuku pap pap. Kwa kila mtu, si kwa Kulabu peke yake, maana mkono unaiga unachokiona. Kuanzia siku ile, gunia likikaa, unapiga mluzi.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Mkono umezoea, mdomo umekauka vumbi, na mwenzako nyuma anangoja ishara. Magunia yalianguka. Moja liliangukia kidole changu gumba cha mguu, na kidole hicho mpaka leo kinatangulia redio kutabiri mvua. Idd hakuwa na meno ya mbele, kila akijaribu mluzi ulitoka upepo mtupu, tukamruhusu akohoe. Makarani walidhani tumefuga ndege. Lakini hakuna kuli aliyelalamika. Aliyepiga kiganja alinunulia wenzake chai, na wiki za kwanza tulikunywa chai kama maharusi.

Jioni ya marudiano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wengi walikuja kumzomea. Mama Nasipwondi alikaa mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, mikono ameikunja. Tom alianza kwa nguvu, akamlalia Kulabu kifuani, akamkaba kwa kola ya koti mpaka uso ukabadilika rangi. Watu wakapiga kelele, "Piga kiganja tujue bei!" Kulabu hakupiga. Alijinyonganyonga kama samaki kamongo kwenye tope, akachomoka, akaingia chini ya Tom, akampandisha mgongoni. Pale pale. Kama Nairobi.

Na mkono wake wa kulia ukainuka.

Niliuona kwa macho yangu. Kiganja wazi, kinaelekea pajani mwa Tom. Mama Nasipwondi alikunjua mikono. Kiganja kikasimama hewani, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu, katikati ya ukumbi mzima, Kulabu akapiga mluzi.

Mwamuzi akaangalia huku na huku. Tom akageuza kichwa kutafuta mluzi umetoka wapi, na hilo ndilo kosa alilolifanya. Kulabu alimshusha chini kwa kishindo, ule mkono wa vidole vitatu ukazunguka shingo, kifundo kikajikunja kama vile kwenye gunia la kwanza la mwaka 1974, na hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye hiyo kulabu, wala gunia. Tom akapiga. Pap pap, mgongoni mwa Kulabu.

Kulabu akaachia pale pale, kabla ya filimbi. Nani angemfundisha kuachia upesi kuliko sisi?

Tom, mwanamume wa haki, alipopata pumzi aliuliza, "Bwana, ile mluzi ilikuwa ya nini?"

"Gunia ilikuwa imekaa," Kulabu akamjibu, na sisi makuli tukapiga mluzi wote kwa pamoja, Idd akakohoa, na mji ukaelewa. Kesho yake Kibuye viazi viliisha kabla ya saa nne.

Kwa mkataba ule alipigana miaka minne, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Lusaka, na mwaka 1987 alifika Santos kwenyewe, pamoja na Badru aliyelia kama mtoto alipoiona ile gati. Huko alishinda pambano moja na kushindwa moja, na hilo la pili alilisimulia kwa furaha zaidi. Bega lilipochoka alirudi kwetu. Hakuna aliyeshangaa. Alinunua nyumba ya Manyatta ambayo mvua inabisha hodi na kunyimwa ruhusa.

Akiwa nyapara tangu 1990, alitufundisha kunyanyua kwa miguu badala ya kiuno. Biashara ya pamba ilipokufa na ikasemekana nusu yetu tuende nyumbani, alipanda ghorofani na kurudi na jibu: tutafanya kazi kwa zamu, wote, mpaka mahindi yaje. Alisema nini huko juu hatujui. Meneja alionekana akisugua shingo, lakini mimi si mtu wa kueneza uvumi.

Sasa anarudi Muhoroni kulima miwa yake mwenyewe. Anasema miwa inamdai maelezo kuhusu vidole viwili.

Bwana Kulabu, tunakushukuru. Wewe na Mama Nasipwondi mkapate afya, mvua ya kiasi, na wajukuu wakorofi wa kutosha. Vijana wa ghala hili hupiga mluzi kila siku bila kujua walikoutoa. Leo wamejua. Na Ijumaa saa kumi, langoni, marufuku ya Mzee Oketch inaondolewa kwa mara moja tu. Tutapanga mstari, na kila mmoja wetu atapita nyuma yako na kukupiga mgongoni kwa kiganja, pap pap, kwa maana ile ya zamani, ya kwetu.

Limekaa mgongoni kwetu, Mzee. Achia.