Shangazi Nyuzi Anaangalia Nini Pale Chini?

Ijumaa, 14 Juni. Asubuhi mawingu mepesi, upepo hakuna. Jua limetoka saa nne. Mchana nimesoma hotuba ya kumuaga Shangazi Nyuzi, ukumbi wa ghorofa ya chini. Nainakili hapa, pamoja na maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa televisheni yetu, wakuu wa idara, wazazi na wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, watoto mlioketi mbele mkijitahidi kutulia, na wewe Shangazi Nyuzi, ambaye leo tumekukalisha kwenye kiti chenye mgongo ingawa tunajua unakichukia: habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya studio. Mimi ni msimamizi wa studio. Kazi yangu ni kuhakikisha taa zinawaka, watu wananyamaza na kipindi kinaanza kwa wakati. Mtu wa kazi kama yangu hapendi maswali, hupenda majibu. Lakini miaka yote niliyofanya kazi na mama huyu nimekuwa nikirudi nyumbani na swali, na leo nataka mnisaidie kulijibu.

Wengi mnamjua kwa kipindi cha watoto cha Jumamosi. Wachache mnajua kwamba kabla ya hapo alikuwa mpiga zeze wa harusini na wa ufunguzi wa maduka. Alikaa kwenye kigoda, kichwa amekiinamishia zeze, watu wamemzunguka. Je, mtu aliyeinama hivyo anaona nini? Sisi hatukujiuliza. Tulimwita kwa sababu mpiga picha wetu alikwenda harusini na wanawe, na watoto wale walipozisikia nyimbo zake walikataa kurudi nyumbani.

Siku ya kwanza alikaa chini ya taa zetu, akatazama huku na huku, akauliza, "Wasikilizaji wako wapi?"

Mpiga picha akaonyesha kioo cha kamera. "Wamo humu, mama."

Akasogea, akachungulia. "Humu? Wote? Wanapumua vipi?"

Tulicheka. Lakini alipoanza kupiga, kicheko kiliisha. Mkono ule uliosimamisha harusi ulikuwa unapapasa kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba ya wenyewe. Aliacha katikati ya wimbo, akamgeukia mpiga picha. "Mwanangu, hebu vua viatu."

"Viatu, mama?"

"Na soksi."

"Soksi hizi ni za tangu juzi."

"Basi ndiyo uzivue upesi, nazo zipumzike."

Alivua, na studio nzima tukavumilia. Hapo zeze likaanza kusema.

Mtayarishaji wa wakati ule, ambaye amekwishahama, alikuja juu: mtangazaji gani huyu anayeangalia sakafu badala ya kamera? Kipindi kilirushwa kwa kuwa hatukuwa na kingine. Ndipo simu za watoto zikaanza kuingia. Hawakuuliza jina la wimbo, wala kile alichoshika ni kitu gani. Waliuliza, "Anaangalia nini pale chini?" Wiki iliyofuata ikabidi tuinamishe kamera, watazamaji wakaona vidole vya miguu vya mpiga picha wetu vikipanda na kushuka. Ndugu wageni, kipindi mnachokipenda kilizaliwa hapo. Tukaanza kuleta watoto studio, viatu mlangoni, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa mpangaji wa viatu vidogo ambavyo havipatikani jozi.

Kwa nini miguu? Nilimuuliza. "Uso umefundishwa adabu nyumbani," aliniambia. "Ukimchosha mtu, uso wake utatabasamu tu. Vidole hakuna aliyekaa navyo akavifundisha."

Nilidhani ni utani wa wanamuziki, mpaka alipokuja binti mmoja mdogo aliyekaa mstari wa mbele amekunja mikono, amenuna kama hakimu. Mama yake akaniomba radhi kwa ishara kutoka mlangoni, kwamba huyu, muziki haumwingii kabisa. Nikaenda kumtoa. Shangazi, bila kuinua kichwa, akasema, "Mwache. Huyo ndiye anayeniongoza." Nikainama kutazama. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinakwenda mbio kuliko wimbo, na Shangazi alikuwa anakifuata! Wimbo ukashika kasi, mstari mzima ukasimama kucheza. Binti yule hakutabasamu hata mara moja. Wakati wa kuondoka alimvuta mama yake nguo: "Tunarudi lini?"

Mheshimiwa Mkurugenzi, sasa nakuja kwako, kwa adabu zote. Umetangaza kwamba kipindi kitaendelea na mtangazaji mpya, binti aliyefundishwa na Shangazi mwenyewe, na kwa hilo tunakushukuru. Umetangaza pia kwamba kuanzia mwezi ujao watoto hawatakuja studio; binti atapiga peke yake mbele ya kamera, na watoto watachorwa kwa kompyuta. Sababu zako tumezisikia: kelele, usumbufu, chooni kila mara. Ni kweli tupu. Mimi ndiye ninayewapeleka. Lakini juzi nilimkuta Shangazi anafunga zeze lake kwenye kitambaa, nikamuuliza kama anaogopa kustaafu. "Mimi? Nimechoka, mwanangu, naondoka na furaha yangu. Namwogopea huyu mwanafunzi wangu. Watoto wa kuchorwa watacheza hata akikosea. Nani atamwambia?"

Nani atamwambia? Hilo ndilo swali langu. Jibu sina, ila njia ya kulitafuta ninayo. Naomba ukumbi mzima tuvue viatu. Ndiyo, na meza kuu. Fundi, tafadhali pandisha kitambaa cha meza. Wenye soksi zilizotoboka msihofu, tuko wengi. Binti, chukua kigoda. Shangazi, leo wewe kaa tu.

(Hapa vicheko. Mkurugenzi alivua wa mwisho. Binti alianza vibaya, anaukimbiza wimbo. Kisha akatazama chini ya meza kuu, akapunguza kasi, wimbo ukakaa sawa. Nikaendelea bila karatasi.)

Nilichokiona chini ya meza kuu sitakisema, maana hiyo ni siri ya mtu na miguu yake. Ila Shangazi naye amekiona, mtazameni anavyocheka. Shangazi, ulikuja kwetu ukiuliza wasikilizaji wako wapi. Tunakuahidi kwamba hatutaacha kuuliza. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio, na leo vidole pia. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa kila mtu atafute viatu vyake.

Baadaye Mkurugenzi alinifuata mlangoni, viatu bado mkononi.

"Dada, mimi sikucheza."

"Hukucheza, mzee."

"Lakini?"

"Lakini vidole vilicheza."

Alivitazama kitambo, kama vidole vya mtu mwingine. "Mwezi ujao watoto waje," alisema. "Walau mstari wa mbele."

Nalala saa tano kasoro robo.