Mama Pezi na Pomboo Themanini na Saba

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuhesabu pomboo, Mama Pezi anastaafu. Nimeendesha boti yake kwa miaka kumi na tisa, na nadhani nimeombwa kuandika kwa kuwa ndimi aliyenikaripia kuliko wote.

Kazi yake ukiisikia ni nyepesi: boti inakwenda ghubani kwa mstari ulionyooka, yeye anatazama maji na kupiga picha kila pezi linaloibuka. Hili lina pengo, lile lina kovu, ndivyo pomboo mmoja anavyojulikana na mwenzake. Ndani ya boti neno "labda" lilikuwa marufuku. Hata kwenye harusi ya binti yake alimnasa mjomba aliyepanga foleni ya chakula mara mbili, mara ya pili akiwa amevua koti.

Lakini tunachojivunia zaidi ni siku aliyokosea. Mwaka wake wa kumi na tano, ripoti yake ilisema pomboo ni mia moja na kumi na wanane. Mkurugenzi wetu akaitangaza, na wenye meli wakaomba kupita katikati ya ghuba, maadamu pomboo ni tele. Wiki hiyohiyo Mama Pezi akagundua kuwa wengine walipigwa picha ubavu wa kushoto siku moja, wa kulia siku nyingine, naye akamwandika kila mmoja kama wawili.

Hakuna mwingine aliyejua. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na watoto wawili walikuwa bado shuleni. Alibeba picha zake hadi ofisi ya mkurugenzi, mimi nikimfuata nyuma.

"Nimewahesabu mara mbili," alisema. "Wako themanini na saba."

Mkurugenzi alikasirika, na haki yake. Hata hivyo alisahihisha ripoti, na meli zikapangiwa njia nje ya ghuba.

Tangu siku hiyo kila pomboo ana bahasha yake yenye picha mbili, kushoto na kulia. Hesabu ya mwezi uliopita ni mia moja na kumi na tisa. Safari hii ni kweli: nilizipitia bahasha zote, naye akazipitia tena nyuma yangu.

Mama Pezi, asante kwa kila pezi na kwa kila karipio. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku njema nyingi sana. Hizo usizihesabu.