Teunis na Mti Uliokataliwa kwa Jina

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi wa halmashauri mliokaa viti vya mbele, mimi ni Jannigje, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma kama ilivyo.

Kaka yetu Teunis van Ommeren alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Oosterwaard, akaanza shule mwaka 1957, dawati moja na Gijsbert Hol, ambaye leo ni diwani wetu, kisha akasomea kilimo cha bustani mjini Tiel hadi Juni 1968.

Mwaka huo aliingia kwenye kitalu cha baba, na kazi ya maisha yake ikawa mti mmoja, ule mepo mdogo wa kwenye nyua za mashamba ambao wazee wetu waliuita Spaanse aak, yaani mepo wa Kihispania, ingawa ni wa hapa hapa tangu enzi na enzi. Mbegu zake hulala mchangani majira mawili ya baridi kabla ya kuota, Teunis akazisubiri, akabakiza miche yenye shina moja lililonyooka, akaihamisha kila baada ya miaka michache ili mizizi isitawanyike, maana alisema mti wa barabarani huchaguliwa kwa mizizi, majani ni mapambo tu.

Tarehe 14 Mei 1976 alimwoa Willemien, wakajaliwa Aalt na Geertje.

Mwaka 2016 halmashauri ilitafuta miti ya barabara ya shule, ikasema inataka ya asili ya nchi hii tu, Teunis akapeleka yake, isiyopasua lami, inayovumilia udongo wetu mzito na mkasi pia. Gijsbert akasoma jina, akasema mbele ya kikao kizima, "Teun, Mhispania hatumpandi hapa." Watu wakacheka. Teunis akamkumbusha kwamba ua wa baba yake Gijsbert ulikuwa wa mti huo huo, na utotoni waliukwea wote wawili wakachana suruali, lakini wapi, neno la diwani likapita.

Novemba 2018, Teunis akiwa amelazwa Nijmegen kwa saratani ya mapafu, halmashauri ikapanda barabara nzima veldesdoorn, yaani mepo wa shambani, iliyonunuliwa mkoa wa mbali. Jamani, ni mti ule ule! Ule ule, kwa jina lake la vitabuni! Tulipomrudisha nyumbani alichungulia dirisha la gari, akasema, "Jannigje, Wahispania wamefika," akacheka mpaka akakohoa, mimi nikalia kwa hasira. Miti yake kitaluni ilikuwa imeshapita umri wa kuhamishwa, Aalt akaikata Februari, na tarehe 3 Machi 2019 baba yake akafariki kitandani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu ya njegere, na wenzake wa vitalu mliomfungia miche yake ya mwisho alipokosa nguvu.

Juzi Gijsbert alikuja kutupa pole, akasema halmashauri itapanda mti wa kumbukumbu mbele ya shule, tuchague upi. Tumechagua, Gijsbert. Ni Spaanse aak, kibao kiandikwe hivyo hivyo, nawe ukisome kwa sauti mbele ya watoto, na ukiona haya baki nyumbani, tutaupanda wenyewe.

Teunis, kaka yangu, hasira niachie mimi, wewe pumzika kwa amani.