Fundi Sikio, Aliyetoboa Kasha Moja Tu

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama alisimulia kwamba alizaliwa akipiga kelele na hakunyamaza mpaka baba, aliyekuwa fundi nguo, alipoketi kwenye cherehani na kuanza kushona. Mtoto aligeuza kichwa, akasikiliza, akalala.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1971, na darasa la sita alilirudia kwa hiari yake, kama alivyodai maisha yake yote. Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ufundi, akawa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza hakumsamehe kamwe, na huyo alipofariki, marehemu alikwenda mazishini kuhakikisha.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika karakana ya magari ya mashindano. Huko alikutana na injini ya rotari, ile isiyo na pistoni, ambayo rota yake ya pembe tatu huzunguka ndani ya kasha la aluminiamu. Akachagua kazi ambayo wenzake waliiogopa: kupanua matundu ya kuvutia hewa kwenye kasha kwa grenda ndogo ya mkono, akifuata kigezo cha bati alichokikata mwenyewe, ili injini ipate pumzi zaidi. Hatari ni kwamba nyuma ya ukuta wa tundu hupita maji ya kupoza injini. Ukisaga unywele mmoja kupita kiasi, umetoboa, na kasha zima ni chuma chakavu. Wengine walipima kwa vifaa. Yeye alisikiliza. Ukuta ukianza kuwa mwembamba sauti ya grenda hubadilika, naye aliinua mkono papo hapo. Ndipo wateja wakamwita Fundi Sikio, na mwaka 1983 akafungua karakana yake.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na binti aliyekuwa karani wa duka la vipuri. Walijaliwa wana wawili na binti mmoja.

Hapa marehemu aliagiza tusome kwamba hakuwahi kutoboa kasha hata moja. Mjane ametuambia tukisoma hivyo, yeye anageuza na kurudi nyumbani. Tumebishana siku mbili nzima, na mdogo wa marehemu, anayewasomea, ndiye aliyeshika upande wa kaka yake mpaka dakika ya mwisho. Ameshindwa. Tunasoma anavyotaka mjane.

Kufikia mwaka 2001, Fundi Sikio alikuwa kiziwi. Grenda ilikuwa imeyala masikio yote mawili, na siri hiyo waliijua watu wawili tu. Mkewe aliketi kwenye stuli kando ya meza, kiganja amekibandika upande wa pili wa kasha, pale maji yanapopita. Alipohisi mtetemo umebadilika, alimgonga mumewe begani mara mbili, naye akaacha. Walifanya hivyo miaka kumi na moja. Wateja waliambiwa mama anashika taa.

Tarehe 6 Juni 2012, wanafunzi wa chuo alichosoma walikuja na mwalimu wao kumtazama akifanya kazi. Mezani palikuwa na kasha alilolitunza miaka tisa kwa ajili ya gari lake mwenyewe, maana jingine kama hilo halikupatikana tena. Mwalimu akamgeukia mkewe. "Na wewe mama, kazi yako hapa ni ipi?"

Marehemu alisoma midomo, akajibu yeye, tena kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Huyu? Nimemweka hapa asije akalala jikoni. Kwake spana na kijiko ni kitu kimoja!"

Walicheka wote. Mkewe naye alicheka, kisha akabandika kiganja palepale pa siku zote. Alihisi ukuta ukipungua. Akahisi umefika. Mkono wake wa pili akauacha mapajani. Grenda ikapenya, na mwanga wa taa ukatokeza katika kijitundu cha ukubwa wa punje ya mtama, mbele ya watu ishirini na wawili.

"Mbona hukunigonga?" marehemu alipiga kelele.

"Nikugonge mimi, baba watoto? Si mimi ndiye nisiyeijua hata spana?"

Wiki hiyohiyo marehemu alifunga karakana. Kwa miaka miwili hakusema na mkewe, akamfanya binti yao tarishi kati ya watu wawili walioketi kochi moja.

Mwaka 2019 aliugua mapafu, kwa vumbi la chuma alilolivuta miaka yote. Mkewe alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Wiki yake ya mwisho hospitalini alikishika kiganja cha mkewe, akakibandika ubavuni pake. "Ikifika, nigonge," alisema. "Nijue." Hiyo ndiyo radhi pekee aliyowahi kumwomba, na hata hiyo aliitoa kama mtu anayeagiza boliti. Mkewe aliitikia kwa kichwa.

Tarehe 17 Septemba 2024, saa tisa alasiri, mkewe alihisi pumzi ikipungua. Akahisi imefika. Marehemu alikuwa akimtazama, akingoja, na aliendelea kungoja mpaka macho yakakoma. Mkewe hakumgonga.

Ndugu walimkalia kooni. Mdogo wa marehemu alimwambia wazi kwamba amemdhulumu mtu mara mbili. Mjane akajibu, "Shemeji, siku zote nikimgonga anaacha. Mimi sikutaka aache."

Marehemu ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja, wajukuu watano, ndugu watatu, na kasha moja lenye kijitundu, ambalo mnunuzi wa vyuma chakavu amelifuata mara tatu na mjane amemfukuza mara tatu.

Kabla jeneza halijashushwa, tunaomba mumpishe mjane. Ataligonga mara mbili, upande wa bega. Akishagonga, fundi wetu na aache sasa, apumzike.