Mzee Bado, Fundi Lifti wa Ghorofa ya Saba

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu aliagiza wasifu wake usitiwe sukari. Nami, dada yake mdogo, nitajaribu kumtii, ingawa kazi hii ningependa apewe mtu mwingine.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa baba yetu mpiga chapa na mama yetu mshonaji. Tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Tangu utotoni hakujua kufunika kombe mwanaharamu apite. Shangazi alipokuja kutupikia, mama alimtuma kaka dukani mapema, maana shangazi akiuliza kama mboga imekolea, yeye alijibu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, na baadaye akasomea umeme na mitambo katika chuo cha ufundi, 1969 hadi 1971. Mkuu wa chuo aliandika kwenye cheti chake kwamba ni mwanafunzi mwaminifu, ila mgumu. Mama aliwasomea wageni cheti hicho hadi kwenye mkato tu.

Mwaka 1972 aliajiriwa na kampuni ya lifti, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2011. Alikuwa na desturi moja. Akimaliza kutengeneza lifti hupanda mwenyewe kwanza, peke yake, hadi juu kabisa na kurudi, ndipo awafungulie watu. Ukimuuliza kabla ya hapo kama iko tayari, alikujibu, “Bado.” Jina likamganda, hata wajukuu wakamwita Babu Bado. Mameneja waliokuwa na haraka walimruka kwenye vyeo. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini sijasikia kwamba ni mpenzi wa mameneja.

Mke alimpatia kazini. Karani mmoja wa ofisi ya bima alikwama ndani ya lifti kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mafundi wengine humwambia aliyekwama kwamba ni dakika tano tu, hata kama ni nusu siku. Karani akauliza kupitia mlangoni atatoka lini. Kaka akamjibu, “Sijui, dada. Lakini siondoki hapa.” Wifi husimulia kwamba alilia kwanza, kisha akatulia, kwa kuwa huyu angalau hakumdanganya. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa binti mmoja.

Alipostaafu, mwenye jengo walimopanga, ghorofa ya saba, alimkabidhi lifti ya jengo na ufunguo wa chumba cha mashine. Februari mwaka huu, 2023, aliona kamba za chuma zimeanza kukatika nyuzi na breki inateleza. Akaizima, akatundika kibao: HAIBEBI MTU. Mwenye jengo akaahidi kamba mpya, na ahadi ikabaki ahadi. Majirani wakapanda ngazi na mitungi ya gesi na watoto mgongoni, na wengi wenu mnajua mliyoyasema. Wengine mliacha kumsalimia.

Mwezi Juni moyo wake ulianza kushindwa, na daktari akampiga marufuku ngazi. Mtu aliyewatoa waliokwama maisha yake yote akafungiwa ghorofa ya saba na kibao alichokiandika mwenyewe. Nilimsihi tumshushe kwa kiti ahamie kwangu, nyumba ya chini. Akasema yule bibi kizee wa ghorofa ya nane, asiyeweza ngazi, hana dada mwenye nyumba ya chini, na kwamba aliyemfungia huko ni yeye mwenyewe, fundi. Kufikia Agosti hata kubebwa hakuweza. Dunia yake ikawa kitanda, kiti na dirisha linalotazama kinyozi ng’ambo ya barabara. Wateja wa kinyozi aliwajua kwa visogo.

Septemba mwenye jengo alipanda hadi kwake, akahema, akaketi kitandani. Akaomba ufunguo kwa safari moja tu, mgonjwa mwenyewe ashuke akatibiwe. Nilikuwepo, na nilikuwa upande wa mwenye jengo. Nikamwambia, “Kaka, sema tu imepona.”

“Nikisema imepona kwa ajili yangu,” akasema, “kesho atapanda mtoto wa nani?”

Nilimkasirikia, na hasira hiyo bado ninayo hapa niliposimama. Huenda lifti ingemshusha salama, akatibiwa, na leo tungekuwa naye. Sijui. Nikisema najua, nitakuwa nimemtia sukari.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, alimuuliza mkewe atatoka lini humo ndani. Wifi alimshika mkono akasema, “Sijui, baba. Lakini siondoki hapa.” Akatabasamu, na muda mfupi baadaye akafariki.

Leo asubuhi mwenye jengo alishauri jeneza lishushwe kwa lifti, kwani maiti hafi mara mbili. Sote tulimgeukia wifi, mwenye ufunguo sasa. Akasema, “Bado.”

Basi mkambeba ninyi, majirani mlioacha kumsalimia. Kwenye kila kona ya ngazi ilibidi jeneza lisimamishwe karibu wima, na milango ikafunguliwa ghorofa moja baada ya nyingine. Fundi viatu wa ghorofa ya tano alifuta jasho akasema, “Mzee, hata leo?” Tukacheka, kisha tukalia sana.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili na mimi dada yake. Ameacha pia ufunguo mmoja, na bibi wa ghorofa ya nane, ambaye hayupo nasi hapa kwa sababu hakuweza kushuka. Mwenye jengo yupo, na amesikia.

Kaka, umeshafika chini. Pumzika kwa amani.