Shahidi wa Kesi ya Davis

Saa mbili asubuhi, benchi la kahawa linalotazamana na mahakama, Ruangwa mjini, lilikuwa limeshajaa. Ausi, fundi pikipiki, alikaa pembeni na karatasi ya wito mfukoni. Saa tatu alitakiwa kutoa ushahidi. Rafiki yake Davis, aliyemfundisha ufundi, alishtakiwa kwa kuendesha pikipiki akiwa amelewa na kumvunja mguu Jeremia, mfugaji wa Nambilanje. Siku ile Davis alikimbilia kwenye mikorosho, akakamatwa kesho yake pombe ikiwa imeshamtoka.

— Hamna kesi hapo, alisema Shaibu, waliyembatiza Wakili tangu ashinde kesi ya mpaka wa shamba. Kipimo kimesoma sifuri. Hakimu atamfunga kwa lipi?

— Na hata kingesoma! akadakia Fidel, dereva wa fuso, ambaye wao humwita Injini. Msimu wa mabibo ya korosho huu. Ukila matano tu, ile mashine inapiga kelele.

— Kula? akasema Wakili. Wewe pita tu shambani yakiwa yameiva, harufu inaingia damuni.

— Basi wakamate wilaya nzima!

Wakacheka. Ausi hakucheka.

— Ausi, we sema umesahau, Wakili akamnong'oneza. Bila kipimo wanategemea mdomo wako. Mchana jamaa anakula ugali na wanawe.

— Na Jeremia?

— Mfupa huunga, bwana.

Kahawa ya Ausi ilikuwa imepoa na hakuwa ameionja.

Mwanamke akasimama mbele yao, miguu imejaa vumbi la safari, akauliza mlango wa mahakama. Alikuwa Lydia, mke wa Jeremia; walihamia na ng'ombe kutoka Usukumani mwaka juzi. Wakamwonyesha. Hakuondoka.

— Samahani, kaka zangu. Huyo kijana, wakati anapanda pikipiki, hapakuwa na mtu naye?

Wakili akakohoa. Injini akaangalia ndani ya kikombe chake. Lydia aliendelea kusubiri.

Ausi akainuka.

— Nilikuwepo mimi, dada. Alipiga kiki mara tatu, mguu unateleza kwa ulevi. Nikamwambia asogee. Nikamwashia.

Wakili alimvuta shati, akachelewa.

— Hayo ukayaseme mle ndani, alisema Lydia, akatangulia kuvuka barabara.

Ausi akamfuata.